Kabla ya Kuuambia Mchoro "Vizuri Sana"

Wazazi wengi jijini Eldoret wanaletewa nyumbani kurasa zilizojaa mistari, miduara na maboksi, kisha wanaulizwa: "Ni nzuri?" Baadhi wana watoto wa Gredi ya 10, darasa lililoanza Januari 2026, waliochagua mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Wengine wana vijana katika vyuo vya ufundi, ambavyo Katiba ya 2010 iliviweka chini ya serikali za kaunti pamoja na elimu ya chekechea.

Jibu la haraka huwa "vizuri sana". Ni jibu la upendo, lakini lina gharama. Kijana wa useremala anayechora mlango kwa kipimo cha 1:10 akikosea milimita 3, hukosea sentimita 3 kwenye mbao, na mbao iliyokatwa fupi hairefuki. Mwenye karakana pale Langas hataki kusikia kwamba nyumbani mchoro ulisifiwa. Kicheko nacho ni kibaya zaidi. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza akichekwa, hufunga daftari.

Mzazi asiyejua kuchora anaweza kusaidia, mradi aangalie kwa makini. Aanze na mistari. Mstari ulioungwaungwa kwa vipande vifupi huonyesha mkono unaosita: mwanafunzi anachora kwa kiwiko cha kiganja tu, macho yakiwa kwenye ncha ya penseli. Aambiwe aweke nukta mbili, aitazame ile ya mwisho, kisha avute mstari kwa mkono mzima kuanzia begani. Mstari ulionyooka lakini ukapita nukta kidogo ni maendeleo, na inafaa atajiwe hivyo.

Duara ndilo huwashinda wengi. Mdomo wa sufuria ukitazamwa kwa upande huonekana kama duara lililobanwa. Mwanafunzi huuchongoa pande zote mbili kama mbegu ya boga, kisha huchora kitako kwa mstari ulionyooka kwa sababu anajua sufuria hukaa sawa mezani. Amechora anachokijua badala ya anachokiona. Kumwambia "kitako kimekosewa" hakumfundishi lolote. Sufuria iletwe mezani, aulizwe: "Kitako hicho kimenyooka au kimepinda?" Akiliona jibu mwenyewe, atalirekebisha mwenyewe.

Kwa boksi, kiberiti kinatosha. Kingo zinazokwenda mbali na macho huonekana zikikaribiana. Katika michoro ya wanaoanza, mara nyingi hutanuka.

Kosa moja kwa ukurasa latosha. Ukurasa uliojaa alama nyekundu haumwonyeshi mwanafunzi aanzie wapi. Na mafundi wazoefu wana udhaifu wao: humpokonya mwanafunzi penseli na kumalizia kazi. Mchoro hupendeza, ila umekuwa wa fundi. Kama lazima kuonyesha, kuna karatasi nyingine ya kuonyeshea.

Kila ukurasa uandikwe tarehe na uhifadhiwe, hata ule mbaya. Baada ya wiki sita, wa kwanza na wa mwisho vilazwe sakafuni pamoja na mwanafunzi aulizwe anaona tofauti gani. Karatasi ghali hazihitajiki; mgongo wa kalenda ya mwaka jana unafaa kabisa.