Je, Wajua? Matofali, Mipaka na Makanisa ya Pande za Katito

Je, wajua kwamba Wakatoliki wa kwanza wa Nyakach walilipa kodi kwa serikali iliyokaa Nairobi, ilhali askofu wao alikuwa Nsambya, Kampala? Kisumu na ufuo wake wote ulihesabiwa upande wa Uganda hadi tarehe 1 Aprili 1902, serikali ya kikoloni ilipousogeza mpaka. Kanisa halikuwa na haraka hiyo. Roma ilingoja hadi 1925 ndipo ikaitenga Kavirondo, kama pande hizi zilivyoitwa wakati huo, kuwa eneo linalojitegemea, na kumkabidhi Gorgonius Brandsma, Mholanzi. Waanglikana nao walibaki chini ya dayosisi ya Uganda hadi 1921.

Na kwa nini walikuja mapadri wa Mill Hill, shirika lililoanzishwa London mwaka 1866, si wale walioinjilisha Mombasa au Nyeri? Jibu liko Buganda. Mwaka 1892 Wakristo wa huko walipigana vita hasa, Wakatoliki wakiitwa Wafaransa na Waprotestanti wakiitwa Waingereza. Roma ikaona dawa ni kuleta Wakatoliki kutoka Uingereza, ili watu waone kwamba dini si pasipoti. Mwaka 1894 Mill Hill wakapewa jimbo la Upper Nile, na pande zetu zikiwa ndani yake. Kichekesho ni kwamba wengi wa hao "Wakatoliki wa Kiingereza" waliokuja kufanya kazi Nyanza walikuwa Waholanzi, kama Brandsma mwenyewe.

Mipaka tuiache, tutazame kuta. Simama Katito, pale barabara ya Kendu Bay inapoachana na ile ya Ahero kwenda Sondu, uangalie ardhi. Tambarare ya chini ina udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha, na kiangazi kikikaza unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Jengo lenye msingi wa juu juu litapasuka pamoja nao, liwe la Mungu au la mwenye duka. Ndiyo maana fundi mzoefu huchimba hadi aupite ule mweusi, na sehemu kubwa ya harambee ya kanisa huishia chini ya ardhi, mahali ambapo hakuna muumini atakayeiona. Wageni husifu madirisha ya vioo. Mimi kwanza hutazama pembe ya ukuta, chini kabisa, kama kuna ufa uliozibwa kwa simenti.

Matofali yenyewe hutoka juu. Uwanda wa Nyabondo una udongo mzuri wa kufinyanga, na ufyatuaji wa matofali ni riziki ya watu wengi huko. Udongo hukandwa kwa maji na kujazwa kwenye kalibu, tofali huanikwa, kisha yote hupangwa kuwa tanuri lenye matundu ya kuni chini. Nje hukandikwa matope ili joto lisitoroke. Tofali lililokaa karibu na moto hutoka jekundu na ukiligonga linalia. La pembeni hubaki rangi ya chungwa na mvua hulila.

Lakini je, wajua matofali hayo yana deni? Mashimo mengi yanayochimbwa huachwa wazi, hujaa maji, na mbu wa malaria huzaa humo. Tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba watafiti wa icipe, kituo cha Nairobi kinachochunguza wadudu, waliifanya Nyabondo uwanja wa kazi ya kuangamiza viluwiluwi mashimoni.

Tutoke kwenye kuta, turudi kwenye ibada: kuna jambo la Kilatini, lugha ya zamani ya Misa, ambalo watu husahau. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliomalizika 1965, parokia ziliiweka Misa katika Kijaluo. Waliokitunza Kilatini ni Legio Maria, waliojitenga na Kanisa Katoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakiongozwa na Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, mama kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 hivi. Jina lao linatokana na Legio ya Maria, chama cha sala kilichoanzia Dublin mwaka 1921 na kufikishwa Kenya mwaka 1936 na Edel Quinn.

Ukishika barabara ya Kendu Bay utafika Gendia, kituo cha kwanza cha Waadventista Wasabato nchini Kenya. Kilianzishwa mwaka 1906, na Mkanada Arthur Carscallen, ambaye ndiye hutajwa sana, hakuja peke yake. Alifuatana na Peter Nyambo, Mwafrika wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Wote wawili walikuwa wametoka chuo kimoja Uingereza. Mwaka 1910 Carscallen alikuwa tayari ametoa kitabu cha sarufi ya Kijaluo, na miaka mitatu baadaye kituo kikapata mtambo wa kuchapa. Kiwanda kilichotokana na mtambo huo ndicho Africa Herald Publishing House.