Konda wa Sukari

 

Huko Kanada, kando ya Mto St. Lawrence karibu na jiji la Montreal, kuna mji wa Wamohawk uitwao Kahnawake. Mababu zao walipanda mahindi, maharage na maboga katika shamba moja, kama bibi zenu wanavyochanganya kijijini, na mazao hayo waliyaita Dada Watatu. Mtoni walivua samaki, na watoto wakaogelea humo humo.

Miaka ya 1950 serikali ikatwaa ardhi ya ukingoni ili kupitisha njia ya meli kubwa. Watu wakatengwa na mto wao. Miaka ya 1980 madaktari wawili, Ann Macaulay na Louis Montour, wa pili akiwa Mmohawk, walikuta kwamba kati ya kila watu 100 wenye umri wa miaka 45 hadi 64, 12 walikuwa na kisukari. Ni mara mbili ya Wakanada wengine.

Kisukari ni nini basi? Sukari ikishaingia kwenye damu, ni abiria waliosimama kituoni. Insulini ndiye konda. Ndiye anayefungua milango ya seli na kuwapandisha. Katika kisukari aina ya 2 milango imekaza, konda anahangaika mpaka anachoka. Abiria wakirundikana kituoni mwaka baada ya mwaka, macho, figo na mishipa ya miguu huumia. Sasa chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari kama vijiko 9 vya chai. (Jaribu kutia vijiko 9 kwenye kikombe chako, uone mama atasemaje.) Lakini ukicheza rede au mpira, misuli inawavuta abiria ndani, na konda anapumua.

Wazee wa Kahnawake walipoelezwa walichokikuta madaktari wale, walitaka lifanyike jambo kwa ajili ya watoto ambao bado ni wazima. Mwaka 1994 mradi ukaanza katika shule za msingi. Darasa la 1 hadi la 6 walifundishwa habari za mwili, chakula na mazoezi, na vyakula visivyofaa vikapigwa marufuku shuleni. Wazazi nao wakashirikishwa, na hapo ndipo ninapowavulia kofia, maana mtoto hashiki pesa ya sokoni. Kumfundisha peke yake ni kumtwisha mzigo usio wake. Hata watafiti wa vyuo vikuu walipewa masharti: matokeo yaelezwe kwanza kwa wenyeji.

Je, kisukari kilikimbia? Hapana. Miaka 8 baadaye watoto walipimwa, na uzito wao, ambao ukizidi hukaribisha kisukari, haukuwa umepungua kama ilivyotarajiwa. Wamohawk hawakufunga virago. Kwao jambo la maana hupangwa kwa kufikiria vizazi 7 vijavyo, na wanafunzi wa mwaka ule wa 1994 leo wamefikia umri wa kufungasha chakula cha watoto wao asubuhi.