Shamba la Jua la Plains: Nishati Safi, Nafuu ya Kodi na Afya ya Jamii

Plains, mji ulioko kusini-magharibi mwa jimbo la Georgia nchini Marekani, ni mdogo kiasi kwamba msafiri aweza kuupita bila kutambua kuwa amepita mji. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi 573 tu. Ardhi inayouzunguka ni ya karanga, soya na pamba. Hapo ndipo, tarehe 1 Oktoba 1924, muuguzi Lillian Carter alipojifungua mtoto wa kiume katika hospitali ndogo ya mji huo. Mtoto huyo, Jimmy Carter, akaja kuwa rais wa kwanza wa Marekani aliyezaliwa hospitalini.

Alikulia Archery, kitongoji kilicho jirani, katika nyumba iliyomulikwa kwa taa za mafuta. Umeme ulifika shambani kwao mwaka 1938. Makampuni ya umeme hayakuwa na haraka ya kuvuta nyaya kwenda kwa wakulima waliotawanyika, kwa kuwa hayakuona faida. Nyaya zilifika kwa sababu serikali ya shirikisho ilianzisha mpango wa kukopesha fedha za kusambaza umeme vijijini. Jambo hilo lafaa kukumbukwa na kila anayejadili nishati mpya leo. Tangu mwanzo, umeme wa kijijini umekuwa tunda la sera.

Kutoka karanga hadi paneli

Miaka 79 baadaye, tarehe 8 Februari 2017, Carter akiwa na umri wa miaka 92 alizindua shamba la umeme wa jua katika ardhi yake mjini Plains. Alikuwa ameikodisha kampuni ya SolAmerica ekari 10 zilizowahi kulimwa karanga na soya. Hapo zilisimikwa paneli 3,852 zinazogeuka kulifuata jua kutoka mashariki hadi magharibi, zenye uwezo wa megawati 1.3. Ilikadiriwa kuwa zingezalisha zaidi ya kilowati-saa milioni 55 katika muda wa miaka 25, na kutosheleza zaidi ya nusu ya mahitaji ya mji.

Ekari 10 za mzee mmoja, hata awe rais mstaafu, hazitoshi kujenga mtambo. Nyuma yake palikuwa na mambo mawili. La kwanza ni mkataba wa muda mrefu wa kuuza umeme, uliompa mwekezaji uhakika wa mnunuzi. La pili ni nafuu ya kodi: kwa mujibu wa sheria ya shirikisho ya wakati huo, aliyejenga mtambo wa jua aliruhusiwa kupunguza katika kodi yake kiasi sawa na asilimia 30 ya gharama. Mtambo wa jua humtaka mwenyewe alipe karibu gharama yote mwanzoni, kisha asubiri miaka mingi kurejesha fedha. Nafuu hiyo huupunguza mzigo wa siku ya kwanza.

Sera inayowaka na kuzimika

Carter mwenyewe aliionja ladha ya sera isiyodumu. Mwaka 1978 alitia saini sheria zilizoyalazimu makampuni ya umeme kununua nishati ya wazalishaji wadogo, na zilizowapa wenye nyumba nafuu ya kodi kwa vifaa vya jua. Mwaka 1979 paneli 32 za kupasha maji moto ziliwekwa juu ya paa la Ikulu ya Marekani. Siku ya kuzizindua alitahadharisha kwamba huenda zikaja kuwa kitu cha makumbusho, mfano wa njia ambayo taifa lilikataa kuifuata. Nafuu ya wenye nyumba ikakoma mwishoni mwa 1985, na mwaka 1986, chini ya Rais Reagan, paneli zile ziliteremshwa.

Nafuu ilirejeshwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kupanuliwa mwaka 2022. Kisha sheria iliyopitishwa mwaka 2025 ikaifuta ile ya wenye nyumba kuanzia mwisho wa mwaka huo. Hata ilipokuwepo, haikumfikia kila mtu. Mpangaji hana paa lake, na mtu wa kipato kidogo asiyedaiwa kodi hana kodi ya kupunguziwa. Hivyo wengi ambao bili ya umeme huwalemea zaidi ndio waliobaki nje. Anayetunga sera ya namna hii popote pale hana budi kujiuliza swali moja mapema: je, nafuu hii itamfikia nani?

Gharama isiyoandikwa kwenye bili

Kwa msomaji wa jarida la afya, hoja kubwa iko kwenye mapafu na moyo. Moshi wa mitambo ya makaa ya mawe hubeba chembechembe ndogo zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu na kuongeza hatari ya magonjwa ya moyo, kiharusi na pumu. Upepo huzisafirisha mbali na bomba zilikotoka, nazo hazibagui kati ya aliyeufaidi umeme na asiyeufaidi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Science ulikadiria kuwa, kati ya 1999 na 2020, vifo 460,000 vya wazee wa Marekani vilihusiana na chembechembe za mitambo hiyo. Vingi vilitokea kabla ya 2008, kwa wastani wa zaidi ya 43,000 kwa mwaka. Kufikia 2020 idadi ilikuwa imeshuka hadi takriban 1,600, baada ya mitambo mingi kufungwa na mingine kuwekewa vichujio. Ni nadra kwa dawa yoyote kushusha vifo kwa kiasi hicho.

Jua peke yake halitoshi

Hata hivyo, tusiipambe picha kupita kiasi. Mwaka 2018, Plains ilipokabiliwa na hatari ya kubaki bila daktari, Carter aliuomba uongozi wa Chuo Kikuu cha Mercer msaada, na chuo hicho kikafungua kliniki mjini hapo. Oktoba ya mwaka huohuo, Kimbunga Michael kilipita kusini-magharibi mwa Georgia na kukata umeme katika maeneo mengi. Mtambo wa jua uliounganishwa na gridi kwa kawaida hujizima gridi inapozimika, ili usiwadhuru mafundi walioko kwenye nyaya. Pasipo betri, mgonjwa anayetegemea mashine ya oksijeni hubaki gizani kama jirani yake, hata paneli zikiwa mbele ya mlango wake.

Somo hilo latuhusu moja kwa moja. Ripoti ya pamoja ya Shirika la Afya Duniani na washirika wake ya mwaka 2023 ilikadiria kuwa karibu watu bilioni 1 katika nchi za kipato cha chini na cha kati-chini huhudumiwa na vituo vya afya visivyo na umeme wa uhakika, au visivyo nao kabisa. Kituo kinapopewa paneli, mganga mfawidhi na aulize: betri zinahimili saa ngapi usiku? Nani atazibadilisha zitakapochoka, na fedha zitatoka fungu lipi? Jokofu la chanjo, taa ya chumba cha kujifungulia na mashine ya oksijeni vimetengewa umeme wake, au vinagombea na simu zinazochajiwa?

Mgonjwa naye ana nafasi yake. Ikiwa unatumia kifaa cha umeme nyumbani, au unahifadhi insulini kwenye jokofu, mweleze mhudumu wako, mpange pamoja utafanya nini umeme ukikatika.

Carter aliaga dunia tarehe 29 Desemba 2024, akiwa na miaka 100, nyumbani kwake Plains. Wahudumu wa afya wa Afrika wanamkumbuka zaidi kwa vita dhidi ya mnyoo wa Guinea, ambao mwaka 1986 uliwapata watu wapatao milioni 3.5, mwaka 2024 wagonjwa walikuwa chini ya 20, na Kenya ilithibitishwa mwaka 2018 kuwa haina ugonjwa huo. Vita hiyo haikuwa na chanjo wala dawa. Ilipiganwa kwa kitambaa cha kuchujia maji, elimu, na watu waliorudi kijiji kilekile mwaka baada ya mwaka. Nishati safi nayo ni kinga ya namna hiyo: haitoi matunda yake yote isipokuwa kwa wale wanaoendelea kuitunza baada ya sherehe ya uzinduzi kwisha.