Supu ya kuku wa nazi: Mgonjwa apewe na nyama

Mtoto akianza kupata nafuu baada ya homa, hamu ya kula hurudi polepole. Wazazi wengi humchemshia kuku, wakampa bakuli la supu, na nyama ikaliwa na wakubwa. Kama nawe hufanya hivyo, ni vyema ubadilishe. Supu humwongezea mgonjwa maji na kumwamshia hamu ya kula, lakini sehemu kubwa ya protini, inayojenga na kukarabati mwili, imebaki kwenye nyama. Mpe vyote viwili.

Kwa mkazi wa Mtwara chakula hiki hakihitaji vitu vya mbali. Pwani ya Msimbati, karibu na Mto Ruvuma unapoingia baharini, inajulikana kwa minazi, na ghuba yake inaitwa Ghuba ya Mnazi. Wenzetu wa Thailand nao hupika supu ya kuku kwa tui, iitwayo tom kha gai. Huitia mchaichai, ndimu, pilipili na mzizi wa jamii ya tangawizi. Ukitumia tangawizi yetu, unaweza kuipika nyumbani kwako.

Mahitaji

Kuku mmoja wa kilo 1 hivi, nazi 2, mabua 3 ya mchaichai, kipande cha tangawizi chenye urefu wa kidole gumba, kitunguu 1, ndimu 2 na chumvi isiyozidi kijiko kimoja cha chai. Inatosha watu 6.

Namna ya kupika

Kuna nazi, kamua tui zito uliweke kando, kisha ongeza maji ukamue tui jepesi. Weka kuku aliyekatwa vipande kwenye sufuria pamoja na kitunguu, tangawizi na mchaichai uliopondwa. Mimina tui jepesi, funika na uchemshe hadi nyama iive kabisa, isiwe na wekundu karibu na mfupa. Kuku wa kienyeji huchukua muda mrefu zaidi, hivyo ongeza maji kila yanapopungua.

Punguza moto, tia tui zito na chumvi, ukoroge taratibu ili tui lisikatike. Likianza kuchemka, epua, toa mchaichai, kisha kamulia ndimu. Pilipili wakubwa watajitilia wenyewe kwenye bakuli.

Nani apewe vipi

Mtoto aliye chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama pekee. Kuanzia miezi 6, chambua nyama, toa mifupa yote, iponde laini na uichanganye na viazi au ugali laini uliolowekwa kwa supu. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku.

Mwenye shinikizo la damu apunguze chumvi na aepuke viungo vya paketi, kwani vingi vina chumvi nyingi. Aliyeambiwa lehemu yake iko juu apikiwe kwa tui jepesi tu, na ngozi ya kuku iondolewe, kwa sababu mafuta ya nazi ni ya aina inayopandisha lehemu. Mgonjwa wa figo amuulize daktari wake kiasi cha nyama anachoruhusiwa.

Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya chumvichumvi ya ORS na vidonge vya zinki. Supu haichukui nafasi yake, ingawa anaweza kuendelea kula.

Tui huchacha upesi kwenye joto la pwani. Supu isikae nje zaidi ya saa 2. Kama huna jokofu, pika ya kutosha mlo mmoja. Kisu na ubao uliokatia kuku mbichi vioshwe kwa sabuni kabla ya kukatia kitu kingine.

Mtoto akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea kupita kawaida, usisubiri supu iive. Mpeleke kituo cha afya mara moja.