Asiyekutoza riba, kwa nini unamlipa mwisho?



Ujumbe wa benki unapoingia kwenye simu yako mwisho wa mwezi, wengi wameshachukua chao kabla yako. Kodi imekatwa. Mfuko wa hifadhi ya jamii umekatwa. Bima ya afya, marejesho ya mkopo wa benki, na kwa wengine mkopo wa elimu ya juu, vyote vimekwenda juu kwa juu. Kuna na yule wa mkopo wa kausha damu. Huyo unamlipa kwa sababu unamwogopa, na pengine kadi yako ya benki anayo yeye, pamoja na namba ya siri. Wa mwisho kwenye foleni ni Mangi wa dukani, au mama wa genge, aliyekupa unga, mchele, sukari na mafuta tangu tarehe 10 bila kukuongezea hata shilingi moja.

Jumapili hii naomba tumtazame huyo wa mwisho.

Kama wewe ni mwalimu, muuguzi, askari au mtendaji wa kata, unajua mambo yanavyokwenda. Mtoto anatumwa dukani: "Shikamoo Mangi, mama amesema umwandikie unga kilo mbili na mafuta nusu lita." Mangi anavuta kauntabuku chini ya meza, anatafuta ukurasa wako, anaandika. Hakuna mdhamini wala fomu. Dhamana yako ni ajira, kwa maana Mangi anajua kwamba serikali haifungi biashara. Jirani yako mjane anayeuza karanga akija kuomba kilo moja ya unga, anaambiwa leo hakuna kukopa. Mangi hamchukii. Ila kauntabuku imejaa majina yetu sisi wenye mshahara, na kama hatujalipa, hana tena cha kumkopesha yeye.

Torati ililiona jambo hili mapema sana. Kutoka 22:25 inakataza kumtoza riba maskini. Walawi 25:37 inakwenda mbali zaidi na kutaja chakula: usimpe ndugu yako chakula kwa kutafuta faida juu ya shida yake. Kumbukumbu la Torati 23:19 nayo inataja riba ya vyakula kando ya riba ya fedha. Moja ya maneno ya Kiebrania yanayotumika kwa riba, nesheki, linatokana na kitenzi chenye maana ya kuuma. Waliobuni jina la kausha damu mitaani kwetu hawakusoma Kiebrania, lakini maumivu waliyoyataja ni yale yale.

Soma leo Nehemia sura ya 5, yote. Watu wa Yerusalemu wanalia kwamba wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa. Wengine wamekopa ili walipe kodi ya mfalme, na watoto wao wanaingia utumwani. Sasa angalia anayesimama kuwatetea. Nehemia ni mtumishi wa serikali. Alikuwa mnyweshaji wa Mfalme Artashasta wa Uajemi, akapewa uliwali wa Yuda. Katika mstari wa 10 anasema wazi kwamba yeye na ndugu zake nao wanawakopesha watu fedha na nafaka. Kisha anawataka wakubwa waache riba, warudishe mashamba, na warudishe ile sehemu ya mia waliyotoza kwenye fedha, nafaka, divai na mafuta. Hayo ni mahitaji ya dukani hasa. Na baadaye anaeleza kwamba kwa miaka 12 hakula posho ya chakula aliyostahili kama liwali, kwa kuwa mzigo wa watu ulikuwa mzito.

Mtumishi yule alijiuliza chakula chake kinambebesha nani mzigo. Swali hilo ni letu pia, kwa sababu mkopo usio na riba una gharama, ila gharama hiyo ameibeba mtu mwingine. Tupige hesabu. Tuseme Mangi amekopesha watumishi 10, kila mmoja Sh80,000. Fedha yake iliyo nje ni Sh800,000. Tuseme mshahara umetoka, wote wakamwambia mpaka mwezi ujao. Fedha hiyo ingekuwa mkononi angenunua bidhaa kila wiki na kuuza, na kama faida yake ni shilingi tano kwa kila mia, angepata Sh40,000 kwa wiki, Sh160,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo riba ambayo wewe hukutozwa. Ameilipa yeye, au ameilipa mjane aliyerudi nyumbani bila unga.

Ndiyo, wapo wenye maduka wajanja, wenye bei mbili: ya fedha taslimu na ya kuandikiwa. Hiyo ni riba iliyovaa nguo nyingine, na Walawi 25 inawahusu. Lakini ukimfanyia hila Mangi mwaminifu, usishangae mwezi ujao naye akajifunza kuongeza bei.

Wengine watasema dawa ni kufuta mikopo kabisa. Wafanyakazi wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao la ushirika mwaka 1844, waliamua kuuza kwa fedha taslimu tu, kwa kuwa madeni ya dukani yalikuwa yamewafunga wafanyakazi wengi. Nawaheshimu, na ukiweza kununua gunia lako mara moja mshahara unapotoka, fanya hivyo. Lakini sioni kwamba Biblia inatutaka tufunge daftari. Mtumishi mpya aliyepangiwa kituo cha mbali, ambaye mshahara wake wa kwanza bado haujaingia, atakula nini? Mkopo wa Mangi ni rehema, na Mungu ameuwekea sheria ili uendelee kuwepo.

Zaburi 37:21 inamweka anayekopa asilipe upande wa waovu, bila kuuliza cheo chake. Mithali 3:28 inakataza kumwambia jirani aende arudi kesho, ilhali ulichopaswa kumpa unacho. Hapo ndipo wengi wetu tunakamatwa. Kuna mtumishi ambaye makato yamemmaliza kweli, hata ile kanuni ya kubakiziwa theluthi moja ya mshahara haimwokoi. Huyo namhurumia. Na kuna yule mwenye fedha ya vitenge vya sare, ya mchango wa harusi na ya bando la simu, ambaye siku ya mshahara anabadili njia ya kurudi nyumbani asipite mbele ya duka.

Na kuna bahasha ya sadaka. Hapa nitasema polepole, maana najua baadhi ya wachungaji hawatafurahi. Katika Mathayo 5:23-24 Bwana Yesu anasema kwamba ukiwa umefika madhabahuni na sadaka yako, ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uiache pale, uende kwanza ukapatane naye. Mangi ana neno juu yako, ameliandika kwa kalamu ya bluu na tarehe juu yake. Katika mitaa mingine ni Mwislamu, ambaye dini yake nayo inakataza riba, na anatuona tukipita Jumapili asubuhi tumependeza, Biblia mkononi, kuelekea kanisani na fedha yake.

Ibada itakwisha mchana. Kama huwezi kumaliza deni lote, nenda na nusu, au hata robo, umwambie tarehe ya kumalizia, aiandike mbele yako. Usimtume mtoto. Nenda mwenyewe.