Kwa nini si rahisi kuongeza kasi ya garimoshi

TANGU Tanzania izindue reli yake ya kisasa ya Dar es Salaam hadi Dodoma mnamo Agosti 2024, Wakenya wengi wamekuwa wakiuliza: iwapo magarimoshi ya jirani yanafika kilomita 160 kwa saa, mbona Madaraka Express, lililoanza safari mwaka wa 2017, lisalie kwenye kikomo cha kilomita 120?

Jibu jepesi ni kwamba reli hizo hazikusanifiwa kwa kasi moja. Ya Tanzania hutumia umeme ilhali ya Kenya hutegemea injini za dizeli. Hata hivyo, lau serikali ingenunua vichwa vya umeme kesho, kikomo hicho kisingeondoka, kwani nguvu za injini ni sehemu ndogo tu ya hesabu.

Sehemu kubwa ni breki. Kasi ikipanda kutoka 120 hadi 160, yaani kwa thuluthi moja, umbali wa kusimama hurefuka kwa takriban asilimia 78. Ishara za njiani zikiwa zimepangwa kwa umbali wa awali, dereva atakayeona taa nyekundu huenda akaipita kabla ya garimoshi kutulia. Waingereza walilizingatia hilo walipounda InterCity 125, lililoanza kazi mwaka wa 1976 kwa kilomita 200 kwa saa juu ya reli za zamani. Walilipa breki za kulisimamisha katika umbali uliotosha magarimoshi ya kilomita 160.

Kona nazo zina sheria yake. Karibu na Santiago de Compostela, Uhispania, mnamo Julai 2013, garimoshi liliingia kwenye kona ya kikomo cha kilomita 80 likiwa na kasi ya takriban 179. Watu wapatao 80 walifariki.

Wahandisi wanaweza kuinua reli ya upande wa nje ili garimoshi liegemee ndani ya kona. Lakini hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu kwetu, kwa sababu njia hiyo hiyo hupitiwa na magarimoshi ya mizigo yaliyosanifiwa kwa kilomita 80. Reli ya nje ikiinuliwa mno, uzito wa makontena hulalia reli ya ndani na kuila mapema.

Aidha, reli yetu ni ya njia moja. Kadiri garimoshi la abiria linavyokimbia, ndivyo linavyolifikia upesi lile la mizigo, ambalo hulazimika kuwekwa kando mapema zaidi na kusubiri. Na mizigo ndiyo iliyotarajiwa kusaidia kulipa mkopo wa China.

Kuna hesabu nyingine ambayo kwa maoni yangu inafaa kutangulia. Kati ya Mombasa na Nairobi ni takriban kilomita 472, umbali ambao kwa kasi ya 120 bila kupunguza ungechukua chini ya saa nne. Safari huchukua takriban saa tano. Saa hiyo moja humezwa na miinuko, kupishana, na kupunguza mwendo stesheni. Kisha abiria hushuka Syokimau, nje ya jiji, akakutana na msongamano wa magari ambao hakuna kichwa cha garimoshi kitakachouondoa.