Ufa Usiozibika

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Lakini upo ufa mmoja ambao hakuna fundi awezaye kuuziba, na wakazi wa Nyeri wanaishi jirani nao.

Ukitazama magharibi kutoka mjini Nyeri asubuhi isiyo na ukungu, utaiona milima ya Nyandarua ikipanda polepole. Ng'ambo ya pili mambo ni tofauti kabisa. Huko ardhi imekatika na kushuka kama ngazi: kwanza Kinangop, kisha Naivasha, kwenye sakafu ya Bonde la Ufa.

Je, ilikatikaje? Kwa mamilioni ya miaka ganda la dunia limekuwa likivutwa pande mbili, mfano wa unga wa chapati uliokandwa. Lilipopasuka, kipande cha katikati kilididimia na kingo zikabaki juu. Mwanajiolojia Mwingereza, John Walter Gregory, alilichunguza bonde hilo mwaka 1893.

Fuata ufa huo kuelekea kaskazini na utazidi kushuka. Nyeri iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ilhali Ziwa Turkana liko mita 360 hivi. Nyanda za juu hunasa mvua. Hewa ikishuka bondeni hupata joto na mawingu hutawanyika. Ndiyo sababu Nyeri ina majani chai, na Bonde la Suguta, kusini mwa ziwa hilo, ni jangwa.

Samburu nako kuna miamba mikongwe iliyokunjwa kama nguo mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, kabla ufa haujazaliwa.

Msomaji usidhani kazi hiyo imekwisha. Tarehe 6 Januari 1928, tetemeko lenye ukubwa wa 6.9 lilitokea Subukia, chini ya kilomita 100 kutoka Nyeri. Ardhi ilipasuka kwa zaidi ya kilomita 30 kando ya magenge ya Marmanet.

Tangu siku hiyo miji yetu imejaa maghorofa, na hakuna mtaalamu awezaye kutaja siku ya tetemeko lijalo. Basi mzazi, wafundishe watoto kujikinga chini ya meza imara ardhi inapotikisika. Nawe unayejenga, usimpunje fundi vyuma na saruji.

Ufa huu hatuwezi kuuziba. Tuujenge ukuta vyema tangu mwanzo.